Kwa Kila Mgeni

8 Novemba

Leo nimerudi kazini baada ya miaka kumi na mmoja ya kustaafu, na kufikia adhuhuri nilikuwa nimekwisha kujuta.

Nilikuwa mkaguzi wa Kiarabu katika shule za Iskandaria kwa miaka thelathini na sita. Walimu walioniona langoni walifuta ubao na kuandika upya. Sasa nimepewa meza yenye mguu mmoja mfupi katika Idara ya Pampu za Mashariki, orofa ya tatu, ili nije Jumapili na Jumatano kusahihisha waraka wa kompyuta. Mudiri, mkuu wa idara, Bwana Galal Shinnawi, mtu wa manukato mengi, alinieleza akiwa amesimama.

"Ustadh Wagdi, kamati ya zabuni imeturudishia karatasi mara mbili. Wanasema Kiarabu chake ni cha mkahawani. Tunyooshee."

Waraka unaitwa "Mahitaji ya Vifaa na Programu kwa Mifumo Endeshi Wageni katika Seva Iliyogawanywa". Ameuandika Mhandisi Inas Bishay, mwanamke wa miaka thelathini na mitano hivi, nywele fupi, anayekula huku anaandika. Ukurasa wa kwanza una makosa kumi na manne. Alama za hamza, vile vijialama vya juu na chini ya herufi, amezitema ovyo kama maganda ya mbegu za tikiti.

"Mgeni gani huyu?" nilimwuliza.

"Mfumo mgeni, Ustadh. Tuna mashine nne kuukuu. Tunanunua seva moja kubwa, tunaigawa vyumba vinne. Kila chumba kinakaa mfumo wake, na wala haujui kama chumba cha pili kuna mwenzake."

"Utakaa muda gani?"

"Miaka kumi, Mungu akipenda."

"Basi si mgeni. Mgeni ana siku tatu. Huyo ni mpangaji."

"Dunia nzima inamwita mgeni, Ustadh."

"Dunia nzima haijasoma."

Akatazama dari. Sijawahi kutazamiwa dari na mtu mwenye nusu ya umri wangu.

11 Novemba

Ukurasa wa pili: makosa kumi na saba. Anaendelea vizuri.

Nilimwamuru anieleze kila mstari, kwa sababu sisahihishi nisichokielewa. Si kila mashine inafaa. Kichakataji chake lazima kiwe kimetoka kiwandani kikijua kugawanywa, na uwezo huo uwe umewashwa katika programu dhibiti, ile inayoamka kabla ya nyingine zote. Ukiwa umezimwa, mashine inakataa wageni kama bawabu aliyekosa maagizo. Programu dhibiti yenyewe isiwe ya toleo la zamani. Na mfumo unaoendesha pampu ni mzee. Toleo moja tu la mfumo huo ndilo linalokubaliwa kuingia kama mgeni, mengine yanasimama mlangoni.

"Na hapa," nikasema, "umeandika mwenyeji, yaani seva yenyewe, atengewe gigabaiti kumi na sita za kumbukumbu kabla ya wageni kupewa chochote. Mwenyeji anayejipakulia kwanza hana haya."

"Mwenyeji akifa njaa, Ustadh, wageni wote wanakufa naye."

Nimeinakili sentensi hiyo kwa kuwa ndiyo pekee aliyoisema leo isiyo na kosa.

15 Novemba

Wavuvi wa hapa wameipa kila tufani ya majira haya jina na tarehe. Leo imekuja ya kwanza, Ufagio, nayo imefagia kweli. Nilifika ofisini na soksi zinazokamulika.

Dada yangu Nawal alinipigia simu. Ni mjane, anaishi chumba cha chini ambacho unakiingia kwa kushuka ngazi tatu kutoka kichochoroni. Mtaa wake unakaushwa na Pampu ya Saba. Mwaka jana maji yalifika kwenye godoro.

"Wagdi, si uko huko kwa watu wa pampu? Waambie mimi si samaki."

"Mimi nasahihisha lugha, Nawal."

"Basi isahihishe lugha ya mvua."

Ameanza kuinua kitanda kwa matofali. Matofali mawili kila mguu.

18 Novemba

Siku ya jedwali. Mistari saba, na mhandisi huyu amefunga kila mstari kwa maneno yale yale matatu. Viini viwili vya kichakataji, kwa kila mgeni. Kumbukumbu ya gigabaiti thelathini na mbili, kwa kila mgeni. Kadi mbili za mtandao, kwa kila mgeni. Nafasi ya diski, kwa kila mgeni. Leseni, kwa kila mgeni. Anwani, kwa kila mgeni. Nakala ya akiba, kwa kila mgeni. Kasuku angechoka.

Nimefuta yote saba kwa wino mwekundu na kuandika juu ya jedwali sentensi moja safi: "Mahitaji ya wageni ni haya yafuatayo." Sasa jedwali linasomeka kama kitu kilichoandikwa na mtu aliyelelewa.

Kuhusu "mgeni" badala ya "mpangaji" nimeshindwa. Mudiri amesema wauzaji hawatalielewa neno langu.

22 Novemba

Waraka umetiwa saini. Bi Awatif, mpiga chapa wetu, mwanamke mnene mwenye miwani miwili, mmoja puani na mmoja kifuani, aliingiza masahihisho yangu katika faili lile lile la mhandisi, akachapa, akagonga mhuri wa "Imepokelewa" kwa nguvu ya mtu anayeua mende. Kwake, karatasi isiyo na mhuri na namba ya daftari haijazaliwa bado.

Inas alitaka kuusoma tena.

"Bashmuhandisa," nikamwambia, kama wahandisi wa kike wanavyoitwa hapa, "wewe soma tarakimu. Maneno niachie mimi."

Mudiri alikuwa mlangoni anagongagonga saa yake. Inas akapitisha macho kwenye tarakimu. Zote zilikuwepo. Akasaini.

Nakala ya rasimu yenye wino mwekundu nimeichukua nyumbani, kama ninavyofanya daima. Nina makabati mawili ya makosa ya watu.

23 Novemba

Baridi. Supu ya dengu.

6 Desemba

Tufani ya Qasim ilipita juzi. Mashine kuukuu zilihimili, Pampu ya Saba ilivuta, na Nawal alipata maji ya kulowesha mkeka tu. Alinipongeza kana kwamba niliyanywa mwenyewe.

Inas yuko katika mfungo wa Wakristo kabla ya Krismasi yao. Anakula maharage asubuhi, maharage mchana. Anachapa akiwa na kipande cha mkate mdomoni, makombo yanaingia kwenye vitufe. Nilimwambia vitufe havikufunga. Hakucheka.

20 Desemba

Seva imefika. Ni sanduku jeusi la kimo cha mtoto, lina mlio wa mtu anayepuliza uji. Nilikuwa mezani kwangu nikisikia kelele kutoka chumba cha mashine, sikwenda. Bi Awatif alikwenda na kurudi na habari.

"Imeletwa pungufu, Ustadh. Bashmuhandisa anasema wamemwibia kumbukumbu. Mtu wa kampuni anasema wameleta kama ilivyoandikwa."

"Amehesabu vibaya," nikasema. "Mtu asiyejua mahali pa hamza atajua mahali pa sifuri?"

Bi Awatif alicheka hadi miwani ya kifuani ikaruka. Nauandika utani huo hapa kwa kuwa nilijivunia.

Inas amemwandikia Mudiri barua akiomba seva isitumiwe mpaka kumbukumbu iongezwe. Mudiri ameweka barua chini ya kikombe cha kahawa. Anataka skrini kubwa ya ukutani inayoonyesha pampu zote kwa rangi, wakubwa wa mkoa waje kuiona. Skrini hiyo ni mmoja wa wale wageni wanne, na ameagiza isipunguziwe kitu.

23 Desemba

Makosa tisa katika barua yake ya malalamiko. Sikuombwa kuisahihisha. Niliisahihisha.

3 Januari

Tufani ya Mwaka Mpya, siku moja baada ya tarehe yake. Ile mashine kuukuu ya pampu imekufa yenyewe, kwa harufu ya plastiki. Mudiri amefurahi. "Sasa hamna hoja," akamwambia Inas. "Hamisha."

"Bwana Mudiri, mfumo wa pampu utabakiwa na gigabaiti nne tu. Unahitaji thelathini na mbili."

"Binti yangu, watu wanaishi sita katika chumba kimoja."

Ameanza kuhamisha. Atafanya kazi mpaka siku ya sikukuu yake, Krismasi ya tarehe saba.

10 Januari

Naandika kwa penseli kwa sababu kalamu zangu zimelowa.

Leo imekuja ile wanayoiita Furiko Kubwa. Mvua ilianza saa tatu asubuhi, na haikuwa mvua ya matone. Ilikuwa kama mtu amepindua pipa. Wakubwa wa mkoa walikuwa wamealikwa saa nne na walifika, viatu vyao vimefungwa mifuko ya plastiki. Mudiri aliwasimamisha mbele ya skrini. Nami niliitwa nikasimame nyuma, kwa sababu mzee mwenye tai hupendezesha chumba.

Skrini ilikuwa nzuri, sikatai. Pampu kumi na mbili za kijani. Mudiri alikuwa akieleza, na kadiri alivyoomba picha zaidi, ramani, vipimo, kamera, mlio wa seva ulizidi. Inas aliingia bila kubisha hodi.

"Bwana Mudiri, funga skrini."

"Baadaye, bashmuhandisa. Tuna wageni."

"Wageni ndio wanaokula kumbukumbu! Mfumo wa pampu umekwama. Amri inachukua dakika kumi na moja kufika. Hiyo Pampu ya Saba unayoiona kijani, imesimama."

"Iko kijani," alisema mmoja wa wakubwa, akionyesha kwa kidole.

"Ni kijani ya dakika kumi na moja zilizopita, bwana!"

Mudiri alimwambia atoke. Alitoka. Sikumwona alikoelekea mpaka nilipochungulia dirishani: alikuwa barabarani, maji magotini, anakimbia, au anafanya kile ambacho mtu hufanya ndani ya maji badala ya kukimbia. Pampu ya Saba iko umbali wa mitaa mitano. Ina gurudumu la chuma la kufungulia kwa mkono. Bi Awatif anasema alilizungusha kwa saa mbili pamoja na mlinzi, viganja vikachunika.

Wakati huo nilikuwa nampigia Nawal simu. Haikuita.

Nilimkuta saa tisa. Maji yalikuwa juu ya matofali, juu ya kitanda, juu ya mto. Yeye alikuwa amekaa juu ya kabati la nguo, miguu inaning'inia, redio mapajani. Majirani wawili walimtoa akiwa juu ya mlango wa mbao uliong'oka.

"Umechelewa," akaniambia. "Hata samaki wamekwisha kula chakula cha mchana."

Midomo yake ilikuwa ya buluu. Sasa amelala kitandani kwangu na anakohoa. Picha ya harusi yake imeanikwa kwenye kamba pamoja na soksi.

13 Januari

Mudiri amefungua uchunguzi. Tulikaa wanne: yeye, Inas mwenye bendeji mikononi, Bi Awatif akiandika, na mimi kama shahidi wa lugha. Nilikwenda nikiwa na hasira iliyokamilika. Nilitaka mtu huyo aliyemweka dada yangu juu ya kabati aitwe kwa jina lake, na nilidhani namjua.

"Seva ilihitaji gigabaiti mia moja arobaini na nne," Inas alisema. "Thelathini na mbili kwa kila mgeni, mara nne, na kumi na sita za mwenyeji. Zimekuja arobaini na nane."

"Waraka uliousaini," Mudiri akasema, "unasema: mahitaji ya wageni, kumbukumbu gigabaiti thelathini na mbili. Thelathini na mbili na kumi na sita ni arobaini na nane. Vichakataji na diski zimekuja za kutosha kwa kuwa haziuzwi chache. Kumbukumbu huuzwa kwa kipimo, ikaletwa kwa kipimo. Kampuni haina kosa."

"Mimi niliandika 'kwa kila mgeni'."

"Wapi?"

"Katika rasimu. Masahihisho yaliandikwa juu ya faili langu."

"Wapi, bashmuhandisa? Nionyeshe 'kila'. Neno la herufi mbili tu."

Kwa Kiarabu ni herufi mbili kweli. Inas alinigeukia. Nami nikasema, kwa sauti niliyotumia miaka thelathini na sita katika vyumba vya walimu: "Sikumbuki."

Ilikuwa kweli kwa muda wa kutoka ofisini hadi kituo cha tramu.

13 Januari, jioni

Ipo. Droo ya pili, bahasha ya Novemba. "Kwa kila mgeni", mara saba, kwa mwandiko wake mbaya, na juu ya kila moja mstari wangu mwekundu ulionyooka kwa rula. Nilitumia rula.

Pembeni nimeandika: "Kurudia ni udhaifu."

14 Januari

Nawal anakohoa.

17 Januari

Mudiri amemweleza Inas masharti. Hawezi kuomba nyongeza ya kumbukumbu bila kujaza kisanduku cha "Sababu ya upungufu", na kisanduku kinataka jina. Akisaini kuwa ni uzembe wake, ombi litaondoka siku hiyo hiyo, naye atahamishiwa bohari ya mabomba, jangwani. Asiposaini, seva itabaki ilivyo.

"Sitasaini neno ambalo sikuliandika," akajibu.

"Basi tufani ijayo iko shingoni mwako."

Nilikuwa mezani kwangu, hatua sita. Nilikuwa nanoa penseli isiyohitaji kunolewa.

19 Januari

Tufani ya Epifania. Skrini ya ukutani iliwashwa. Inas alikwenda Pampu ya Saba tangu asubuhi na kulizungusha gurudumu mwenyewe.

20 Januari

Viatu vyake vya mpira vimesimama nje ya chumba cha mashine, vimejaa tope hadi juu. Ni namba ndogo. Sikusema kitu.

24 Januari

Sikusema kitu.

28 Januari

Tufani ya Karam. Vidonda vya mikono ya Inas vimefunguka tena. Mtaa wa Nawal, maji ya kifundo. Sikusema kitu, na nimegundua kuwa sentensi hiyo ikirudiwa haidhoofiki.

3 Februari

Nawal ananichunguza. Daktari anasema mapafu yake hayastahimili unyevu mwingine, na yeye anasema hayastahimili mimi. Anataka kurudi kwake.

"Kwenye maji?"

"Maji yana adabu, yakija yanaondoka. Wewe umekuwa mzigo. Unakaa mbele ya hiyo droo kama paka mbele ya tundu. Umeficha nini humo, barua za mchumba?"

"Karatasi za kazi."

"Karatasi za kazi haziwafanyi watu wasile bamia zangu."

Nikamwambia aachane na mambo ya watu. Akaniambia mimi ndiye niliyeishi miaka sabini na mmoja kwa mambo ya watu, kwa wino mwekundu. Hatukuzungumza siku nzima. Ni mkorofi tangu utoto.

7 Februari

Nimemchukia Inas leo kuliko siku zote. Alinipitishia chai. Aliiweka mezani bila kuniangalia, sukari vijiko viwili, kama ninavyotaka. Mtu anayejua kuwa ninayo ile rasimu lazima awe na ukatili fulani ndio aweze kukupa chai. Lakini nadhani hajui. Nadhani alimpa chai mzee tu. Hilo ni baya zaidi.

10 Februari

Mudiri ameniita peke yangu.

"Ustadh, uchunguzi unafungwa Jumatano ijayo. Wewe utasaini ukurasa mmoja tu: kwamba waraka ulikufikia ulivyo, nawe ulirekebisha lugha bila kugusa maana. Halafu tunakuongezea mwaka."

"Anayegusa lugha bila kugusa maana ni nani?" nikamwuliza.

"Wewe, Ustadh. Ndio maana tulikuajiri."

16 Februari

Keshokutwa ni tufani ya Jua Dogo, na baadaye inakuja Husum mwezi wa Machi, tufani ya siku nane. Nawal amefunga mizigo. Matofali matatu kila mguu, anasema, na njia ya kabatini anaijua.

Nimefundisha mlango wa msisitizo katika sarufi mara nyingi kuliko nilivyokula nyama. Mlango huo unasema jambo moja: mtu hurudia neno anapoogopa kuwa msikilizaji hatalishika. Nilikuwa naliuliza katika mitihani. Alama nne.

17 Februari

Nilifika mapema. Sikwenda kwa Mudiri. Nilikwenda kwenye meza ya Bi Awatif na kuweka bahasha mbele yake.

"Gonga mhuri."

"Ni nini, Ustadh?"

"Rasimu ya waraka, yenye masahihisho yangu. Na barua yangu, ukurasa mmoja. Ipe namba ya daftari."

Alivaa miwani ya puani, akaisoma, akavaa na ya kifuani juu yake. Uso ukamshuka.

"Ustadh Wagdi, hii nikiigonga haitoki tena. Mpelekee kwanza Bwana Mudiri, mzungumze kama wanaume."

"Nimezungumza kama wanaume mwezi mzima. Gonga."

Akagonga. Safari hii taratibu. Namba mia mbili na kumi na moja.

Katika kikao Mudiri alikuwa ameweka mbele yangu ule ukurasa wa kusaini na kalamu yake ya dhahabu. Inas alikaa mwisho wa meza, mikono chini. Nikasimama, kwa sababu sijazoea kusahihisha nikiwa nimekaa.

"Mahali pa sababu ya upungufu," nikasema, "andika: maneno 'kwa kila mgeni' yalikuwemo mara saba katika rasimu ya Mhandisi Inas Bishay. Yalifutwa na Wagdi Abdul-Mawjud, msahihishaji, ambaye hakuyaelewa na hakuuliza. Alimzuia mwandishi kuyasoma tena. Kisha aliulizwa, akasema hakumbuki, na alipokumbuka akanyamaza siku thelathini na tano."

Mudiri akacheka kidogo kwa pua.

"Ustadh, umechoka. Dada yako mgonjwa, tunaelewa. Mzee akikosa usingizi huweza kujitwika mambo." Akanyoosha mkono. "Nipe hiyo karatasi niitunze."

"Hii ni nakala. Yenyewe ina namba."

Akamtazama Bi Awatif. Bi Awatif aliangalia daftari lake, akasema kwa sauti ndogo sana: "Mia mbili na kumi na moja, Bwana Mudiri. Nakala imekwenda mkoani na tarishi wa saa tatu."

Sikuwa nimemwomba hilo.

Mudiri aliniita majina ambayo sitayaandika, moja likiwa na kosa la kisarufi la jinsia. Nilimsahihisha. Akaniambia nitoke na nisirudi. Inas hakunishukuru. Alinifuata hadi kwenye ngazi, na nilidhani anakuja kulia.

"Siku thelathini na tano," akasema. "Nilikuwa nazungusha chuma, na wewe unaniona."

"Nilikuona."

"Nilikuletea chai!"

"Ilikuwa na sukari ya kutosha."

"Mungu akusamehe, Ustadh, kwa sababu mimi sitaweza leo." Akarudi ndani. Alikuwa na haki, na sentensi ilikuwa sahihi.

18 Februari

Jua Dogo. Sina kazi. Nawal ameahirisha kuondoka. Alisoma nakala ya barua yangu akiwa amesimama jikoni, akaikunja.

"Kwa hiyo ni wewe uliyenipandisha kabatini."

"Ni mimi."

Chakula cha jioni ni bamia. Alinipakulia kidogo kuliko kawaida.

3 Machi

Bi Awatif amepiga simu: mkoa umeidhinisha, kumbukumbu imefika, vipande kumi na viwili, kila kimoja urefu wa kidole. Inas amevipachika mwenyewe. Skrini ya Mudiri sasa ina chumba chake na haiwezi kunyoosha mkono chumba cha mwingine. Mudiri haongei na mtu.

9 Machi

Husum. Upepo umeng'oa bango la daktari wa meno lililo mbele yetu. Mvua tangu alfajiri, ya pipa. Nawal alirudi kwake Jumamosi kwa ukaidi, nami nimekaa naye leo, wazee wawili juu ya kitanda kimoja kilichosimama kwenye matofali kumi na mawili, tunatazama ngazi tatu.

Saa tano maji yalifika ngazi ya juu. Yakaanza kushuka ya pili. Nawal alishika redio yake. Tukasikia, mbali, kitu kama tumbo linalonguruma, na maji ya kichochoroni yakageuka, yakaanza kuelekea upande wa pili, yakibeba maganda na kiatu kimoja. Ngazi ya pili ikabaki imelowa tu.

"Ndiyo hiyo?" Nawal akauliza.

"Pampu ya Saba."

"Inazungushwa na yule binti?"

"Leo hapana. Leo inajizungusha."

Akaendelea kuishika redio mpaka saa nane, endapo namdanganya.

10 Machi

Inas amekuja nyumbani. Hakuingia. Alisimama mlangoni katika vile viatu vya mpira, akanipa bahasha.

"Mkoa unataka waraka uandikwe upya kwa idara nyingine zote. Mudiri hataki jina lako lisikike. Mimi nataka Kiarabu kiwe sawa. Hakuna malipo."

"Lini?"

"Kesho asubuhi. Na usiguse—"

"Najua."

"Sijamaliza sentensi, Ustadh."

Akaimaliza. Akaondoka, akiacha tope kwenye kizingiti changu.

Nimekaa mezani na kalamu nyekundu. Kuna makosa ishirini na mawili. Hajifunzi. Hamza bado anazitema. Nikafika kwenye jedwali: kwa kila mgeni, kwa kila mgeni, mistari saba, mara saba. Nikayahesabu kwa kidole. Katika mstari wa nne, hamza ya neno la diski ilikuwa mahali pasipo pake. Nikairekebisha, nikaunyanyua mkono kwa uangalifu ili wino usidondokee maneno yanayofuata.